Majuma Matatu ya Kulaumu Matairi

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kipimo cha 1:10, la kuendeshwa kwa rimoti, lenye mikanda miwili iliyopeleka nguvu za mota kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma. Nililipata likiwa limechakaa: beringi zililia, wenzo mmoja wa mbele ulikuwa umevunjika, na mafuta ya shokapu yalikuwa yamevuja yote. Ningeweza kulirudisha lilivyokuwa, lakini nilikwisha kuyaona magari ya drifti yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, jinsi yanavyoingia kona kwa ubavu huku magurudumu ya mbele yakitazama upande wa pili, na tamaa ikanishika.

Kazi ya kulijenga upya niliifurahia mno. Nilitoa mkanda wa mbele pamoja na shafti zake, na hapo nikagundua kwamba zile shafti ndizo zilizoyazuia magurudumu kukata kona kali. Zilipoondoka, nilipiga tupa mikono ya usukani kidogo kidogo hadi gurudumu likageuka karibu nyuzi 60. Difu ya nyuma niliifunga kwa gundi ili magurudumu yote mawili yazunguke kwa kasi moja. Matairi ya mpira yalitoka, yakaingia ya plastiki ngumu, ambayo hayashiki sakafu, na ndiyo kazi yake. Betri niliisogeza nyuma, kisha nikapima uzito kwa mizani ya jikoni: gramu 640 mbele, 790 nyuma. Nilijiona fundi kamili.

Ili magurudumu yapate nafasi ya kugeuka kiasi hicho, ilinibidi niihamishe sevo ya usukani, ile mota ndogo inayokata magurudumu ya mbele, na kuigeuza ielekee upande mwingine. Nilipowasha, usukani ulikuwa kinyume: nikikata kulia, magurudumu yanakwenda kushoto. Hilo halikunisumbua hata kidogo, kwani rimoti ina swichi ya kugeuza mwelekeo. Nikaibonyeza, usukani ukatii, nikafunga bodi.

Sakafuni, gari lilizunguka kama pia. Kila nilipokanyaga mafuta, kama inafaa kusema hivyo juu ya kitu kinachoendeshwa kwa kidole, mkia ulichomoka na pua ikatazama nilikotoka. Nililaumu matairi nikayabadilisha. Nikalaumu springi za nyuma nikaweka laini zaidi. Nikabandika vipande vinne vya risasi nyuma ya chasisi. Mwisho nikaigeukia jairo, kile kisanduku kidogo kinachohisi mkia unapochomoka na kuiamuru sevo ikate usukani upande wa pili kabla kidole hakijawahi, nikaiongezea nguvu. Gari likawa baya zaidi. Nilipoipunguza karibu na sifuri, lilitulia kidogo. Dalili ilikuwa wazi kabisa, nami niliipita nikaendelea kusoma habari za plastiki.

Yaliendelea hivyo majuma matatu. Jioni moja nilikata tamaa nikalibeba gari kurudi ndani bila kulizima wala kulifunika bodi, na nilipojigeuza kushoto kupita mlangoni, nikaona magurudumu ya mbele nayo yamegeuka kushoto. Nilisimama. Nikajigeuza kulia, yakanifuata kulia. Jairo iliyofungwa sawasawa hufanya kinyume cha hapo: ukiielekeza pua kushoto, magurudumu hukata kulia, yakibaki yanatazama kule gari lilikokuwa likielekea. Yangu ilikuwa ikihisi mkia unachomoka, kisha kwa bidii yake yote inausaidia uchomoke. Swichi ya rimoti ilikuwa imegeuza amri za kidole changu tu. Amri za jairo zilikuwa bado zinafuata mkao wa zamani wa sevo, na hazikuwa zimepitia kwenye rimoti hata mara moja.

Jairo nayo ilikuwa na swichi yake ya mwelekeo, ndogo kiasi kwamba niliisukuma kwa ncha ya bisibisi. Usiku huo huo niliweka kopo katikati ya sakafu, nikalizungusha gari kulizunguka, mkia nje, magurudumu ya mbele yakijikata yenyewe upande wa pili, hadi betri ikaanza kulegea. Lilikuwa zito nyuma kupita kiasi, kwa sababu ya ile risasi. Nilibandua vipande vitatu. Cha nne kiligoma kutoka, na bado kiko pale pale chini ya mota.