Wanaume tubaki kidogo baada ya ibada

Jamani leo naomba niongee na wanaume wenzangu wa kanisani, na wazee wa kanisa mnisikie pia. Ibada ikiisha tu, mchungaji hajamaliza hata kupeana mikono na watu pale nje, nusu ya wanaume wameshapanda boda au wako kwenye gari wanachezea simu wakimsubiri mama. Akina mama wao wanabaki, wanaulizana nani anaumwa, nani kajifungua, na hawajaanza jana, wenzetu Wakatoliki WAWATA yao, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, ipo tangu 1972.

Watu husema wanaume hawapendi kuongea. Sio kweli, pita kijiwe cha kahawa jioni uone. Ila pale nje ya kanisa mwanaume ana hofu zake. Kwanza michango, akisimama kidogo tu anatokea mtu na daftari, mara ahadi ya ujenzi, mara kadi ya harusi. Halafu kuna lile swali, "kaka siku hizi uko wapi?", yaani unafanya kazi gani, sasa kama jamaa kapunguzwa kazini linamchoma kweli, Jumapili inayofuata utamkuta benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Sisi Walutheri dawa tunayo tayari, ni mnada. Zile sadaka za mazao, mayai, ndizi, miwa, kuku, si zinanadiwa pale nje baada ya ibada? Waangalie wanaume hapo! Mtu alikuwa kanuna ibada nzima sasa anapandisha bei ya jogoo, akimpata anamrudisha anadiwe tena, watu wanashangilia. Macho yote yako kwa jogoo, hakuna anayemkagua yeye.

Tatizo asiye na hela mfukoni anakaa mbali hata na mnada. Pale kwetu kuna mzee mmoja nampenda sana kwa hili, akimuona mwanaume mgeni hamhoji kitu, anamwita tu, "baba hebu njoo unishikie huyu kuku." Basi jamaa anazunguka na kuku, anataniwa, huyu anamuita huku yule kule, mnada ukiisha wanarudisha mabenchi ndani pamoja na hapo ndio stori zinaanza, Simba na Yanga, fundi gani mzuri, wapi wanatafuta dereva. Mtu anaweza kukwambia shida yake mmebeba benchi, yeye mbele wewe nyuma, kitu ambacho mkikaa uso kwa uso hasemi.

Kwahiyo wazee wetu, daftari la michango lisikae karibu na chai ya baada ya ibada, lipelekeni ofisini. Salamu iwe habari za nyumbani, kazi ataisema mwenyewe akizoea. Na mabenchi msiwaachie vijana peke yao, waiteni akina baba wabebe.