Mashine ya kukatia majani shamba la mteremko, njia ya Amani: nilipofikia

Haya wadau, naendeleza kumbukumbu ya shamba la machungwa la mjomba, lile la njia ya Amani ukishaipita Muheza mjini. Mjomba umri umeenda, kushuka korongoni na kwanja hawezi tena, na vijana wa kufyeka ukiwatafuta msimu wa machungwa huwapati maana kila mtu yuko bize kuchuma na kupakia. Kwa hiyo tumekubaliana tununue mashine, sasa ni mashine gani ndo kazi niliyokuwa nayo tangu vuli iishe.

Kuna jamaa aliniuliza kwani jembe lina shida gani, palilia tu. Kwenye tambarare sawa, ila mteremko ukiuacha mweupe masika ikija udongo wa juu wote unasombwa, na maji ya upande ule yanaelekea Mto Sigi, Sigi inaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndo maji yetu sisi wa Tanga mjini. Mimi nataka majani yakatwe yabaki mafupi, mizizi ishike udongo, na yaliyokatwa yalale pale pale yaoze chini ya michungwa.

Kupima kwanza

Hii ndo sehemu naomba watu waisome vizuri. Kabla hujaenda dukani kuuliza hospawa, yaani nguvu ya injini, pima mteremko wako. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, weka ncha moja chini upande wa juu, upande wa pili unyanyue mpaka pima maji ya fundi ikuambie umelala sawa, halafu pima kwa tepu kutoka ile ncha iliyo hewani kushuka mpaka ardhini. Ukipata sentimita 18 una kama nyuzi 10, ukipata 27 ni nyuzi 15, 36 ni nyuzi 20, na 47 ni nyuzi 25. Hiyo 27 ikae kichwani, kwa sababu mashine nyingi za kukalia za kukatia majani watengenezaji wake wanasema mwisho nyuzi 15, na hizo ni nyuzi za majani makavu na ardhi isiyo na mashimo. Kwetu kuna mashimo ya fuko na visiki vya miembe ya zamani, tairi la juu likipanda kisiki na la chini likazama shimoni ushaongeza nyuzi ambazo hukuzipima.

Shamba la mjomba juu karibu na barabara ni chini ya 18, katikati inacheza kwenye 27, kule chini kuelekea korongoni inapita 40 bila wasiwasi.

Trekta

Mjomba mwenyewe alitaka tukodi trekta lenye slesha nyuma, ile mashine ya kufyeka inayozungushwa na shafti ya trekta. Kwa mashamba ya mkonge kule tambarare ni mashine safi sana. Kwa huku nilikataa nikamwambia, "Mjomba, shikamoo yako naiheshimu, ila chini kule sitampeleka mtoto wa mtu." Trekta uzito wake uko juu, likikatiza mteremko kwa ubavu linatafuta kulala, likipanda na mzigo uliofungwa juu ya ndoano yake linanyanyuka mbele na kugeukia nyuma, na hiyo inatokea chini ya sekunde mbili, hakuna binadamu wa kuruka kwa muda huo. Ndo maana kuna ile nguzo ya chuma nyuma ya kiti na mkanda wake, vyote viwili vinaenda pamoja, nguzo bila mkanda unarushwa nje halafu trekta linakulalia. Matrekta mengi ya kukodi niliyoyaona nguzo imeshakatwa ili lipite chini ya matawi. Na matawi ya michungwa yapo chini kweli kweli.

Pawatila

Hii ni ile trekta ndogo ya magurudumu mawili unayotembea nyuma yake. Hapa nilikuwa na matumaini makubwa, ni ndogo, inapita katikati ya mistari, na vipuri unapata. Nikaongea na kaka mmoja anaendesha pawatila skimu ya mpunga Mombo, akaniuliza kitu kimoja tu: "Dogo, unajua ukishuka nayo usukani unageuka?" Nikamwambia nifafanulie kaka. Akasema kwenye tambarare ukibana klachi ya mkono wa kulia gurudumu la kulia linakatiwa nguvu, la kushoto linasukuma, unaenda kulia. Ukiwa unashuka injini ndo inayoyashikilia magurudumu, sasa ukibana kulia gurudumu la kulia linaachiwa, linakimbia kuliko la kushoto, mashine inakwenda kushoto. Mtu aliyezoea jarubani akishuka nayo huku anaenda na mti au anaenda korongoni. Nimeshukuru sana kwa maelezo yale, hakuna duka liliwahi kunigusia.

Za kusukuma, na habari ya oili

Zile za magurudumu manne za kutembea nyuma yake, ziwe zinajiendesha zenyewe, kwa sehemu ya juu na ya katikati zinafaa. Kumbuka utaratibu ni kinyume: ya kukalia unapanda na kushuka, ya kusukuma unakatiza kwa ubavu, maana ukiipandisha ukateleza inarudi miguuni kwako, ukiishusha ukateleza wewe ndo unaingia chini yake.

Ila uliza oili. Injini nyingi za foustroki ndogo oili imekaa chini kwenye bakuli, inarushwarushwa na kijiko, ukiilaza sana kijiko hakifiki na injini inakauka. Injini za Honda GX za kawaida kwa mfano mwisho wa kufanya kazi mfululizo ni nyuzi 20. Tustroki haina shida hiyo, oili inaingia pamoja na petroli, unaweza kuilaza utakavyo.

Tulichoamua

Kwa hiyo chini na korongoni ni brashikata ya tustroki, ile mashine ya kufyekea yenye mpini mrefu ya kuvaa begani, imeshanunuliwa Tanga mjini, mchanganyiko wake moja kwa hamsini, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Kisu cha chuma cha ncha tatu kwa majani marefu magumu, kamba ya nailoni kwa majani laini. Tunaanzia chini, unatembea kwa ubavu bonde likiwa kushoto kwako, unafyeka kutoka kulia kwenda kushoto kwa hiyo majani yanaangukia palipokwisha kukatwa, ukimaliza mstari unapanda juu. Mtu mwingine asisogee ndani ya mita 15, mawe yanaruka vibaya.

Shinani hapana. Nailoni inavua gome la mchungwa mchanga na kidonda kile kinaoza, mti unakufa taratibu ukiutazama, kwa hiyo kuzunguka kila shina panang'olewa kwa mkono. Hili mjomba alilisema kabla yangu.

Sehemu ya juu na katikati bado. Kuna ya kusukuma yenye magurudumu makubwa ya nyuma tumeahidiwa kuazimwa, nataka kuijaribu kwenye ile 27 asubuhi umande ukishakauka, na nione ikizimwa katikati ya mteremko inabaki imesimama au inajiondokea. Ikisimama tunanunua.