Kona ya karatasi

Jumanne ile, tarehe 13 Mei 2025, mtoto wa kaka alitoka chumbani na shati la shule halijafungwa vifungo, simu mkononi, chai yake hata hajaitazama.

"Shikamoo shangazi. Wamepanga wale."

Sikuuliza akina nani. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa saa zetu, kule Chicago ilikuwa imefanyika droo ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ile inayoamua timu gani itakuwa ya kwanza kuchagua kijana mpya. Dallas Mavericks wameibuka wa kwanza wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8 tu. Maana yake Cooper Flagg, yule kijana wa Chuo Kikuu cha Duke, ni wao. Na ni Dallas hao hao ambao mwanzoni mwa Februari walimwachia nyota wao Luka Dončić aende Lakers, mashabiki wao wakalia kama waliofiwa.

"Wamelipwa fidia," akasema. "Walimpeleka Luka Los Angeles, sasa wanafutwa machozi. Wamebebwa, shangazi. Utah ndio walikuwa wa mwisho kabisa, wamepewa nafasi ya 5! Hiyo ni haki?"

Nikamwambia anywe chai, daladala hazimsubiri. Lakini mkono wangu wa kulia, ulioshika kijiko, ulikuwa umeshaondoka pale mezani. Vidole vilikuwa vinasikia ukili. Miaka 16 imepita na bado nikisikia neno droo, ngozi ya kiganja inakumbuka kabla yangu.

Nirudi 2009, maana kila kitu kilianzia kwa Hasheem Thabeet.

Asubuhi ya Ijumaa, 26 Juni, redio zilikuwa zinapiga nyimbo za Michael Jackson mfululizo, amefariki usiku ule. Katikati ya msiba huo ndipo ikaingia habari nyingine: kijana wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, amechaguliwa wa pili NBA, na Memphis Grizzlies. Mtanzania wa kwanza. Wa pili! James Harden alikuja nyuma yake, Stephen Curry akaja wa 7, na hao wawili ndio waliokuja kuwa nyota wakubwa. Najua siku hizi watu wanalitaja hilo kwa kucheka, na mimi kicheko hicho sikipendi. Hawakuwa kwenye kiwanja chetu Temeke jioni ile, hawakuona watoto waliokuwa hawajawahi kushika mpira wa kikapu wakipimana urefu kwenye nguzo ya goli kwa kipande cha mkaa.

Marehemu kocha alikuwa ameshatuandaa tangu Mei. Alituketisha chini ya ringi akatueleza namna wanavyopiga kura: mipira 14 midogo kama ya tenisi ya mezani, ina namba, inachezeshwa na upepo ndani ya mashine, inatolewa 4. Michanganyiko inayowezekana ni 1,001. Mmoja unatupwa, 1,000 wanagawana timu, walio vibaya zaidi wanapata mingi. Lakini mingi si yote. Mwaka ule Sacramento walipoteza mechi 65 kati ya 82, wakaangukia nafasi ya 4. Memphis, ambao kuna timu kadhaa zilikuwa hoi kuliko wao, wakapanda hadi ya 2.

"Sasa ukiwa Sacramento utasemaje?" akauliza kocha.

"Wameonewa!" tukajibu wote.

Ndipo akatupa hadithi ya 1985, na laiti asingetupa. Tarehe 12 Mei 1985, hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, droo ya kwanza kabisa. Timu 7, bahasha 7, tungi linaloonyesha ndani. Kila timu nafasi sawa. Kamishna wa ligi, David Stern, anaingiza mkono. Zawadi ni Patrick Ewing wa Chuo Kikuu cha Georgetown, na Knicks, timu ya New York, mji mkubwa kuliko yote, inahitaji mtu kama yeye. Bahasha ya kwanza ikatoka Knicks. Golden State, waliokuwa na rekodi mbaya sawa na Indiana, wakatupwa nafasi ya 7. Tangu siku hiyo watu wanarudia mkanda ule. Wapo wanaosema bahasha ya Knicks iligandishwa kwenye barafu, Stern akaitambua kwa ubaridi. Wapo wanaosema wakati bahasha zinatumbukizwa moja iligonga ukingo wa tungi, kona yake ikakunjika, na vidole vya Stern vikaitafuta kona ile.

Tuliipenda kona. Barafu ilikuwa mbali na sisi, lakini kona ya karatasi kila mtu anaijua. Wiki nzima kiwanjani mtu akifungwa anasema, "Kona imekunjwa!"

Mnazi alikuja Agosti. Jina lake la kweli silisemi, yuko hai na ana watoto. Alitoka Singida kuja kukaa kwa mjomba wake aliyekuwa anauza mkaa karibu na reli. Miaka 17, akipita mlangoni anainama bila kufikiri, kama mtu aliyezaliwa ameinama. Kudunda mpira hakujua. Lakini miezi miwili baada ya Thabeet nani alijali? Ligi yetu ya likizo ilikuwa na timu 6, na manahodha 6 walimfuata kwa mjomba wake, mmoja amebeba viatu, mwingine amebeba sukari kilo mbili. Wawili walishikana mashati mbele ya gunia za mkaa. Kocha akasema basi, Jumamosi kura.

Akanichagua mimi nichomoe. Goti langu lilikuwa linanisumbua. Mwaka ule sikucheza, nilikuwa nashika daftari la matokeo. Nahodha wa timu ya ng'ambo ya reli akapinga pale pale: kaka yangu naye ni nahodha. Kocha akamjibu, "Mkono huu unaandika pointi zenu kila wiki. Mbona hamjawahi kulalamika?" Akanyamaza.

Kila nahodha akaandika jina la timu yake kwenye kipande cha karatasi ya daftari langu, akakikunja mara mbili. Nikawapitia mmoja mmoja nikivikusanya kiganjani. Jua la saa kumi, kiganja kimelowa jasho. Nikavimimina ndani ya kikapu cha ukili cha mama, kile cha sokoni, chenye mikono ya ngozi. Kocha akakitikisa. Akanifunga macho kwa kitambaa chake cha jasho.

Nataka niseme hapa hasa kilichotokea, kwa sababu sijawahi kukisema chote.

Mkono uliingia. Ukili ulinikwaruza kifundoni. Chini ya kikapu kulikuwa na punje za mchele, chache, na ganda kavu la kitunguu, na karatasi zimelala kati yake. Ya kwanza niliyoigusa ilikuwa laini, imelowa jasho langu mwenyewe. Ya pili ilikuwa juu yake. Ya tatu ilinichoma. Si kuchoma kwa kuumiza; ilikuwa na kona iliyosimama, imekunjwa kidogo kwa nje, ngumu, kama kucha ya mtoto. Nikaipita. Nikagusa ya nne, nikagusa na nyingine, sijui kama ilikuwa ya tano au ni ile ya kwanza tena. Kiwanja kizima kimya. Nasikia treni mbali. Halafu vidole vikarudi.

Vilirudi kwenye kona. Sikuviambia. Au niliviambia na nimesahau, kwa sababu nilikuwa na miaka 14 na nilimpenda kaka yangu kuliko kitu chochote duniani. Kama nilijua ile karatasi ni yake? Sikujua. Nilijua ni tofauti, basi, na katika giza la kitambaa kile kitu kilicho tofauti kinakuita. Nikaichomoa, nikampa kocha.

Akaifungua. Akasoma. Timu ya mtaa wetu.

Vijana wa kaka waliruka. Sijamaliza hata kufungua kitambaa, nahodha wa ng'ambo ya reli ameshaichukua karatasi mkononi mwa kocha, ameikunja upya kwa kufuata alama zake, na ameiona. Akaiinua juu. "Kona! Tazameni kona!" Watu wazima wakasimama kwenye benchi la wacheza bao waje watazame. Karatasi ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeishika aliibonyeza pale pale penye kona, mpaka nadhani hata kama haikuwa imekunjwa sana mwanzoni, sasa ilikuwa imekunjwa kweli. Mtu akasema Ewing. Mwingine akaniita Stern. Nikaitwa Stern hadi namaliza kidato cha nne.

Mnazi alikuwa amesimama nyuma ya goli amevaa viatu vya kuazima, vidole vimeminywa mbele. Alisubiri kelele zipungue, zikakataa kupungua, ndipo akaniinamia akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo nakaa wapi, dada?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka kucheza na nani. Hata mimi.

Mengine yalikwenda haraka. Walidai kura irudiwe, kocha akakataa, akasema alikuwa ananitazama uso na sikutazama chochote. Timu 2 zikajitoa. Ligi ilikufa kabla ya mwezi kwisha. Mnazi alicheza mechi 4, alianza kuwa mzuri, halafu mjomba akahamisha biashara yake na yeye akarudi kwao. Jioni ya siku ile ya kura kaka alininunulia Fanta dukani, akaniwekea mkononi, hakusema neno. Niliinywa taratibu sana. Niliielewa ni shukrani. Yeye ndiye aliyekunja kona, niliwaza, akatumaini nitaijua, na mimi bila kujua nikaijua. Kwa hiyo nikafunga mdomo. Ningemtaja vipi kaka yangu?

Sasa huyu mtoto wake ananitajia njama kila siku. Cleveland 2003, wakampata LeBron James, mtoto wa Akron pale pale jirani. Chicago 2008, asilimia 1.7, wakampata Derrick Rose, mtoto wa Chicago. New Orleans 2012, timu ilikuwa mikononi mwa NBA yenyewe, wakampata Anthony Davis, na huyo Davis ndiye aliyekwenda Dallas kwenye biashara ya Luka. "Unaona inavyozunguka, shangazi?" Naiona. Namwambia pia Cleveland walishinda tena 2013, wakamchukua Anthony Bennett, na hakuna aliyewahi kusema ile ilipangwa, kwa sababu haikuwa na hadithi tamu. Namwambia mipira 14 inachezeshwa mbele ya mashahidi na wakaguzi wa hesabu, waliomo ndani wananyang'anywa simu. Ananijibu jibu ambalo sina la kulizidi: "Kwenye matangazo wanaonyesha bahasha, hawaonyeshi mipira."

Mimi siamini kwamba wanapanga. Nimesoma, nimepiga hesabu, asilimia 1.8 ni 18 katika 1,000, na 18 si sifuri. Ila sijawahi kumdharau anayeamini. Nilikuwa mle ndani ya kikapu. Mkono ulikuwa wangu, na mimi mwenyewe siwezi kuapa.

Jioni ile ya Jumanne nikampigia kaka Mwanza. Tumeongea ya ada, ya mvua, ya mgongo wa mama. Mtoto alikuwa mezani anakula, sikio limesimama.

"Kaka," nikasema, "ile kura ya Mnazi. Ile kona uliikunja wewe?"

Akanyamaza. Nikasikia pikipiki inapita upande wake, ikaishia.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilikunja mara mbili kama wengine. Nilijua ni wewe, mdogo wangu. Ulipokuja kuzikusanya. Ile Fanta unadhani nilikununulia kwa nini? Ulikuwa unatetemeka. Miaka yote hii nimekutunzia."

Sikupata neno. Na yeye hakupata. Tukabaki hivyo, kila mtu anasikiliza pumzi za mwenzake, salio linakwenda.

"Baba anasemaje?" mtoto akauliza.

Nikamsogezea bakuli la mchuzi, nikamwambia ale, chakula kinapoa.