Mlima wenyewe mita 2502 tu, haya njoo uupande

Watu wa nyumbani wakisikia natembeza wageni milimani huku Uswisi swali la kwanza ni mlima una urefu gani, nikiwaambia Säntis ni mita 2502 wanacheka, maana sisi tuliobeba mizigo Kili tunajua kwenye mita 2502 bado uko msituni na tope lako, hata kambi ya kwanza ya njia ya Machame hujaiona. Sawa chekeni. Ngoja niwaandikie siku moja ya mwezi wa saba ilivyoenda.

Saa 10:45 alfajiri. Kabla ya chai ni hali ya hewa. Kule juu Säntis kuna kituo cha hali ya hewa tangu 1882 kwa hiyo data ipo ya kutosha, naangalia upepo, naangalia rada, utabiri unasema asubuhi safi, radi kuanzia saa tisa alasiri. Basi hiyo saa tisa ndo inapanga siku nzima, tunahesabu kurudi nyuma: saa nane na kitu lazima tuwe tumeshatoka kwenye ukingo mwembamba wa kwenda juu Säntis. Kili ukichelewa unachoka na unapata baridi, huku ukichelewa unakuwa umeshika waya wa chuma juu ya ukingo wa mawe na radi inakuja. Begi: kamba, mikanda ya kiunoni, dawa, jaketi la mvua, maji lita tatu.

Saa 1:10 asubuhi, Wasserauen, mita 868. Treni kutoka Appenzell inaishia hapa. Bosi wangu wa leo ni mama mmoja wa hukuhuku, mwongozaji wa milima mwenye cheti chake, mimi ni msaidizi na nakaa nyuma. Wageni sita. Yeye hasalimii mtu kabla hajaangalia buti, anageuza soli kabisa na kuipapasa kwa dole gumba, kama imelika mpira huendi. Katika wageni kuna dada Mkenya, nesi wa Zürich, akasikia jina langu akageuka.

"Ai, kumbe wewe ni wa Bongo!"

"Ndio dada, Machame."

"Basi mimi leo ni mgeni wako, usiniache nyuma."

"Nyuma ndo kazi yangu dada, nikikuacha nyuma ujue nimefukuzwa."

Njia za huku zina rangi, na hili nalipenda sana. Alama ya njano ni njia ya kawaida hata bibi anapita, nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, nyeupe-bluu-nyeupe hiyo ni ya wenyewe, mikono inatumika na ukiteleza huinuki. Halafu Klabu ya Alpi ya Uswisi ina ngazi yake ya ugumu, T1 nyepesi mpaka T6 ngumu kabisa. Tunakoenda leo, ukingo wa Lisengrat, kunakaribia T4.

Saa 2:20 tuko Seealpsee, ziwa zuri, selfi, twende.

Saa 4 kasoro, Meglisalp, mita 1517. Nyumba chache za wafugaji, kikanisa, chai. Hapa nawaambia wote jazeni chupa maana huko mbele msitegemee kijito, na kila mara kuna mtu anabisha kwa sababu anaona mabaka ya barafu ya mwaka jana huko juu, sasa si inayeyuka, maji yanaenda wapi? Yanaenda ndani. Mlima wote huu ni chokaa, na maji ya mvua yana asidi kidogo, maelfu ya miaka yanaila chokaa taratibu, yanachimba mifereji na mashimo, mwisho mlima unanyonya kila tone. Upande wa pili kuna ziwa linaitwa Fälensee, halina mto wa kutoka hata mmoja, maji yake yanapita chini ya mlima mpaka bonde la Rhine. Kwetu Kili maji yanashuka mpaka kwenye mifongo, ile mifereji ya Wachaga ya kumwagilia, huku ng'ombe yuko kwenye nyasi za kijani kabisa na mtu ana kiu.

Dada akaniuliza hivi hawa Wazungu wa Alpi ndo walioenda Kili wa kwanza? Nikamwambia Purtscheller, yule aliyefika Kibo 1889 na Hans Meyer, alikuwa mwalimu Salzburg kule Austria, mtu wa milima ya Alpi. Sisi Wachaga tuna mzee Lauwo wa Marangu kwenye hadithi hiyohiyo, anayesemekana ndo aliwaonyesha njia. Akacheka, akasema haya basi leo tumekuja kuwalipizia.

Kutoka Meglisalp nyasi zinaisha polepole halafu unaingia kwenye mawe yenyewe, na hapa ndo watu hawaelewi mpaka wafike. Chokaa ikiliwa na maji inabaki na kingo kali, mifereji ya upana wa kiatu, ukikosea mguu unaingia mpaka kwenye ugoko. Hiyo ikiwa kavu ni tamu kukanyaga, inashika soli vizuri kuliko jiwe lolote la Kili. Shida ni sehemu zilizopitwa na buti nyingi, zimelainika zinang'aa, hapo ikidondoka mvua kidogo tu inakuwa kama sabuni ya mche iliyolowa. Kwa hiyo nafundisha kitu kimoja: jiwe linalong'aa liache, kanyaga pembeni pale panapokwaruza. Na jiwe la kushika lipige kofi kwanza, barafu ya kila msimu inaingia kwenye nyufa inapanua, lililokuwa imara mwaka jana mwaka huu linacheza.

Saa 6 mchana, Rotsteinpass, mita 2120. Supu. Mbuzi wa milimani wenye mapembe marefu wanatuangalia tu hawana habari. Vijana wawili wenye raba za kukimbilia wakamuuliza bosi njia ya Altmann, ule mita 2435 pale jirani, kwa vile kwa macho unaonekana karibu. Akawaambia juu kule mtatumia mikono, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda, akaziangalia raba zao akanyamaza. Wakaagiza keki wakakaa. Huyu mama nampendea hapo.

Saa 7 kasoro tunaingia Lisengrat. Njia imechongwa ubavuni na juu ya ukingo, kuna ngazi za mawe, kuna waya wa chuma umefungwa kwa misumari mikubwa kwenye mwamba, sehemu nyingine upana ni hatua moja na upande wa kushoto au wa kulia hakuna kitu, hewa tu. Wagumu wenzangu, yaani wabeba mizigo wa Kili, watasema si kama ule ukuta wa Barranco tu, hapana, Barranco unapanda na mizigo ukutani lakini unafika kwenye vibaraza vipana unapumzika, huku saa nzima na zaidi akili haipumziki. Mapafu hayana shida kabisa. Kinachogoma ni magoti na kichwa.

Na anayegoma humjui kabla. Leo nilidhani dada, kumbe dada anapita anaimba pambio kwa sauti ya chini, mkono kwenye waya, safi. Aliyeganda ni jamaa wa marathoni, yule aliyekuwa anatusubiri kila kona tangu asubuhi. Katikati ya kipande kirefu akakumbatia mwamba, akasema siwezi. Ukimwambia "usiogope" umepoteza muda. Nilishuka chini yake kidogo nikaweka mkono juu ya buti lake, nikaliingiza kwenye kijishimo, nikasema simama hapa, sasa la kulia, nitaliweka mimi. Waya kati ya misumari miwili anashika mtu mmoja tu, maana mmoja akidondoka anauvuta na kumng'oa mwenzake, kwa hiyo wengine wote ilibidi wasubiri. Bosi akarudi akamfunga kamba fupi kiunoni, hakusema neno, aliangalia mawingu ya magharibi mara moja tu. Kuna watu wanasema kamba kwenye njia yenye waya ni mbwembwe. Waje wajaribu kumtembeza mtu aliyeganda bila kamba.

Saa 8:25, Säntis. Na hapa ndo kichekesho, unatoka kwenye ukingo jasho linakutoka, unakuta mgahawa na watoto wenye sandozi wanakula aiskrimu, kwa sababu gari la waya kutoka Schwägalp lipo tangu 1935. Ndo kitu kilekile tulichobishania sana nyumbani 2019 waliposema wataweka Kili. Mimi bado sitaki Kili, wagumu watakula nini, ila siku ya radi huku nalishukuru.

Saa 9:10 ikapiga kweli. Tulikuwa ndani. Nikamwonyesha jamaa wa marathoni ule waya aliokuwa ameushika, umeme ukipiga ukingoni unatembea nao wote, akaweka kikombe chini. Theluji nayo ni kichekesho, Aprili 1999 walipima hapa sentimita 816, ndo maana mwezi wa saba bado kuna mabaka.

Saa 10:30 jioni Schwägalp, basi, kila mtu kwake. Dada akaniachia namba ya kanisa lao la Zürich wana ibada ya Kiswahili. Tipsi huku ni bahati, mshahara uko kwenye mkataba.

Saa 2 usiku. Buti nje, kamba imetandazwa bafuni. Mdogo wangu yuko Machame ni mgumu, ametuma voisi: "Kaka, huko nako kuna kazi?" Nimemjibu anza Kijerumani leo, mambo ya milima tutaongea baadaye, na usiniulize tena kama mita 2502 ni mlima.

Bosi naye kaandika. Kesho mvua mpaka saa sita mchana, chokaa itakuwa imelowa, ukingo hatugusi, tunapita chini Brülisau mpaka Fälensee. Treni ya saa 12:40 asubuhi.