Sauti Isiyoimba: Kuisikiliza New Long Leg Kusini mwa London

Mwanangu ndiye aliyeniletea albamu hii. Ilikuwa Aprili 2021, masharti ya UVIKO-19 yakiwa yameanza kulegezwa hapa Uingereza, nami nilikuwa nimerudi kutoka zamu ya usiku katika kazi yangu ya kuhudumia wazee. Akanivisha hedifoni kabla sijavua koti, akasema, "Mama, msikilize huyu. Haimbi, anasema tu." Bendi inaitwa Dry Cleaning, ni ya huku huku kusini mwa London tunakoishi, na albamu yake ya kwanza, New Long Leg, ilikuwa imetolewa tarehe 2 ya mwezi huo na kampuni ya 4AD.

Kilichonikamata kwanza ni besi. Mimi ni mtoto wa Tanga, na redio ya mama yangu haikuzimwa zilipopigwa nyimbo za Black Star Musical Club, wale waliotia gitaa la umeme na besi katika taarabu. Kwa hiyo sikio langu limezoea besi inayotembea na kuzungumza, si ile inayojificha nyuma ya ngoma. Lewis Maynard hupiga besi kwa namna hiyo. Huutangulia wimbo akaubeba, huku gitaa la Tom Dowse likikwaruza, likinyamaza, kisha likirudi na mwangwi wake, na Nick Buxton akizishika ngoma pasipo madoido. Mwanangu alinieleza kwamba hii ndiyo desturi ya posti-panki, muziki uliozaliwa baada ya panki, ile roki ya kelele na haraka, tangu miaka ya 1978 na 1979, bendi kama Gang of Four ya Leeds zilipouchukua ukali wa panki na kuisogeza besi mbele, na kwamba Jah Wobble, mpiga besi wa bendi ya Public Image Ltd, alijifunza uzito ule kutoka kwa dabu ya Wajamaika, ile rege yenye besi nzito na mwangwi mwingi. Nilimwamini mara moja, kwa sababu mtu hawezi kupita Brixton, mtaa wa huku kusini mwa London wenye Wajamaika wengi, siku ya Jumamosi bila besi ya Kijamaika kumgonga kifuani.

Juu ya muziki huo imewekwa sauti ya Florence Shaw. Yeye ni msanii wa michoro, aliyekuwa akifundisha kuchora chuoni, na hakuwahi kuimba katika bendi yoyote kabla ya wenzake kumshawishi ajiunge nao. Kwetu sauti iliyo kati ya kusema na kuimba si jambo geni: tunayo maghani, na utenzi wowote unaweza kughanwa hadi alfajiri. Lakini mghani wa utenzi huongozwa na vina na mizani, na msikilizaji hujua mshororo utaishia wapi. Shaw hana kina wala mizani. Huzungumza taratibu, sauti haipandi wala haishuki, kama abiria aliyeketi nyuma yako katika basi namba 36 akimweleza mtu jambo kwenye simu, halafu akabadili mada bila kuaga ile ya kwanza. Maneno yenyewe ameyakusanya kwa miaka: vipande vya matangazo, mazungumzo aliyoyasikia kwa watu, hata maoni yaliyoandikwa chini ya video za YouTube, yakichanganywa na fikra zake mwenyewe.

Mwanzoni nilimsikiliza kama mtu aliyelelewa na taarabu, yaani nilitafuta mafumbo. Taarabu hukufundisha kuuliza ni nani anayesemwa, na jirani gani amekasirika baada ya wimbo kwisha. Nilizirudia nyimbo zote 10 mara tatu nikimtafuta anayesemwa, nisimpate. Mara ya nne niliacha kutafuta, nikayasikiliza maneno kama yalivyo, na hapo ndipo albamu ilipofunguka. Wimbo wa kwanza unaitwa Scratchcard Lanyard, yaani kadi ya bahati nasibu ya kukwangua, na ile kamba ya shingoni inayoning'iniza kitambulisho cha kazi. Kamba ya namna hiyo nilikuwa nimeivaa wakati huo huo ninapousikiliza. Kadi za kukwangua huuzwa kaunta katika kila duka dogo la mtaani kwetu, na nimewaona watu wakizikwangua kwa sarafu mlangoni, kabla hata hawajatoka na maziwa yao. Sikuwahi kufikiri kwamba vitu viwili vidogo hivyo vingeweza kuwa jina la wimbo, wala kwamba mimi, niliyefika nchi hii nikijua Kiingereza cha shuleni, ningevielewa bila kuuliza.

Albamu ilirekodiwa kiangazi cha 2020 katika studio za Rockfield, zilizo kwenye shamba karibu na Monmouth, Wales, chini ya mtayarishaji John Parish, baada ya janga kuikatiza ziara ya bendi nchini Marekani. Nadhani utulivu wa shamba unasikika, maana hakuna chombo kinachosukumana na kingine. Wimbo wa mwisho tu, ambao unazidi dakika saba, hunichosha katikati, pale magitaa yanapoachwa yavume muda mrefu bila maneno. Ningependa sauti ya Shaw irudi mapema zaidi.

Lakini kuna wimbo mmoja nisioweza kuuruka. Ndani yake Shaw analalamikia kipindi cha Antiques Roadshow: kwamba siku hizi mwendo wake umebadilika, vitu vya kale vimezidi, bei hutajwa mara nyingi zaidi, na maelezo ya asili ya kitu yamepungua. Mwanangu, aliyezaliwa hapa na anayekiongea Kiingereza cha mtaa huu kuliko Kiswahili, aliniuliza hicho ni kitu gani. Nikamweleza mimi. Nikamwambia ni kipindi cha BBC kilichoanza 1979, ambacho watu hupeleka saa, vyungu na pete za marehemu bibi zao kwenye majumba makubwa, mtaalamu akazigeuzageuza, akasimulia zilikotoka, na mwisho akataja thamani. Nakijua kwa sababu bibi mmoja ninayemhudumia hakikosi jioni ya Jumapili, na zamu ya Jumapili ni yangu. Kwa miaka kadhaa tumekaa pamoja mbele ya televisheni, yeye na chai yake, mimi na dawa zake mkononi, tukingoja kutajwa kwa bei. Mtoto alinitazama kwa makini ambayo huwa hanipi ninapomsimulia Tanga, akaniomba nimwambie zaidi.

Jumapili iliyofuata, kipindi kilipokwisha, nilimwomba bibi ruhusa nimsikilizishe kipande kile kwenye simu yangu. Nilipunguza sauti ya besi kwa kuchelea itamsumbua. Aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zima, akasikiliza hadi mwisho, kisha akanyamaza kidogo.

"Huyo binti anasema kweli," aliniambia. "Zamani walikuwa wanatueleza kitu kimetoka kwa nani."