Hopsi mbadala za pilsna yangu

Pakiti ya Saaz (aina ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) niliyoagiza ilifika Tudor, Mombasa, ikiwa imeingia hewa, na nilipoifungua ilinuka jibini kuukuu badala ya ile harufu pole ya majani na viungo inayotambulisha pilsna, bia ya rangi ya dhahabu, ya Ucheki tangu 1842. Kwa kuwa uchungu hutokana na asidi za alfa zilizomo kwenye hopsi, gramu 40 za Saaz yenye asilimia 3 nilizibadilisha kwa gramu 10 tu za Magnum, hopsi kali zaidi yenye asilimia 12, nikazichemsha dakika 60. Harufu ndiyo iliyonisumbua: nilichagua Tettnanger ya Ujerumani, jamaa wa karibu wa Saaz, nikaitia dakika kumi za mwisho. Cascade, yenye harufu ya balungi, sikuthubutu. Sasa ndoo ya bia inayochachuka imo jokofuni, nyuzi 11, na samaki wamehamia kwa jirani.