Siku ishirini za Nanna

Jana usiku nilimaliza kutazama tena msimu wa kwanza wa Forbrydelsen, tamthilia ya upelelezi ya Denmark iliyoanza mwaka 2007, na leo kutwa nzima imenikaa kichwani. Kesi ni moja tu: Nanna Birk Larsen, msichana wa miaka 19, ameuawa. Vipindi ni 20, na kila kipindi ni siku moja ya upelelezi. Wenzangu kazini wanasema inajikokota. Mimi naipendea hilo hilo.

Sarah Lund, mpelelezi anayeigizwa na Sofie Gråbøl, amesifiwa sana na anastahili. Ila wanaonigusa mimi ni wazazi wa Nanna, Theis na Pernille. Gari lenye mwili wa Nanna linapoopolewa majini, Theis yuko pale pale na simu haijakatwa, kwa hiyo mama anakisikia kilio cha mumewe kabla hajaambiwa lolote. Tamthilia nyingine ingewaacha hapo ikimbilie washukiwa. Hii inakaa nao. Mazishi yanafika, yanapita, kesi bado mbichi, na nyumbani kuna wavulana wawili wadogo wanaohitaji kula na kulala.

Hapa Nairobi mauaji hupita kwenye taarifa ya habari kwa sekunde chache: jina, mtaa, polisi wanachunguza. Kesho ni jina lingine. Nimewahi kukaa kwenye matanga ya namna hiyo kule Umoja. Mchango ulipokamilika na maiti kuzikwa, tenti ikakunjwa, viti vya kukodi vikarudi kwa mwenyewe, watu wakapungua. Mama wa marehemu aliendelea kutuuliza sisi tuliobaki: jioni ile alikuwa na nani? Alikuwa amekula? Alipanda matatu gani? Sarah Lund huuliza maswali kama hayo, naye hupewa siku 20 za kuyafuatilia.

Mwaka 2021 nilifurahi kweli kuiona Nairobi yetu katika Crime and Justice, tamthilia ya Kenya, wapelelezi Makena na Silas wakiwa kazini. Waliigiza vizuri mno. Lakini kesi zilipishana haraka, na kila nilipoanza kumjua marehemu, tulikuwa tumeshahamia kwa mwingine.

Natamani mwandishi wa hapa achukue kifo kimoja, mtaa mmoja, akae nacho msimu mzima. Atuonyeshe kamati ya mchango, shangazi aliyesafiri usiku kutoka Kakamega, jirani anayejua kitu na anaogopa kusema, na kesi inavyoahirishwa huku mama akiwa ameshalipa nauli. Waigizaji tunao. Ningeitazama yote, hata ikiwa ya vipindi arobaini.